Tusinunue Kelele za Mnada

Mwenye macho haambiwi tazama. Yeyote apitaye katika Mtaa wa Viwanda wa Bujumbura, ule uitwao Zone Industrielle, asubuhi ya siku ya mnada wa pikipiki kuukuu, hana haja ya kuuliza kuna nini. Saa mbili haijatimia, nao watu wameshajipanga kandokando ya ukuta. Harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia inachanganyika na harufu ya petroli iliyolala na mpira uliopigwa na jua. Malori yanapiga honi yapishwe njia, lakini watu hawabanduki, kwa kuwa kila mmoja anachelea kupoteza nafasi yake karibu na lango.

Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulikwenda kutazama tu, kama wasemavyo watu wote waendao mnadani. Tulirudi bila pikipiki, lakini tulirudi na jambo la kusema, nalo tunaliona kuwa linawahusu wengi zaidi ya wale waliosimama uani siku ile.

Lango lilipofunguliwa tulikuta safu nne za pikipiki, kila moja imeandikwa namba ya fungu kwa chaki juu ya tangi. Nyingine zilitoka katika miradi iliyokwisha muda wake, nyingine katika ofisi zilizokwisha kununua mpya, na nyingine zilikamatwa kwa makosa mbalimbali na wenyewe hawakurudi kuzikomboa. Zilikuwapo za miaka ya karibuni kutoka Uhindi, TVS na Bajaj, ambazo siku hizi ndizo zinazobeba abiria wengi katika nchi zetu. Lakini zilizovuta macho ni zile za zamani: Honda XL zenye tangi lililobonyea, Suzuki zilizopoteza taa, na zaidi ya zote Yamaha AG100 tatu, rangi imepauka, viti vimepasuka, lakini bado zimesimama wima kama askari wastaafu siku ya gwaride.

Wasomaji wetu waliokulia vijijini katika miaka ya 1970 na 1980 wanaifahamu AG100 hata kama hawaijui kwa jina. Ndiyo iliyompeleka bwana shamba mlimani, na mchanjaji wa watoto mahali ambapo gari halifiki. Yamaha waliitoa mwaka 1973 kwa ajili ya wakulima. Mnyororo wake umefunikwa wote ili tope lisiingie. Mbele na nyuma ina chaga za mizigo. Vyuma vimewekwa kukinga pikipiki inapoanguka, kwa maana waliounda chombo hicho walijua kwamba kitaanguka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, Honda nao walitoa CG125, ambayo injini yake ilirahisishwa makusudi baada ya wataalamu wao kuona kwamba katika nchi nyingi pikipiki inabeba kupita kiasi na mafuta ya injini hayabadilishwi kwa wakati. Hizo ndizo mashine za kale tunazozizungumzia. Hazikuundwa zipendeze. Ziliundwa zidumu, na kule kudumu kwake ndiko kulikowafanya watu wazima waamke alfajiri kwenda kuzigombania.

Mnada una utamu wake, wala hatutaki kujifanya hatuujui. Mnadi alipopanda juu ya kreti na kuita fungu la kwanza, ua mzima ulinyamaza. Bei ya kuanzia ikatajwa. Mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa, mwingine ukaujibu kutoka mbele, na mara watu wote wakawa wanageuza vichwa huku na huku kama watazamao mpira. Mnadi mzuri ni mtu wa maneno. Anajua kumsifu anayesita, anajua kumtania anayerudi nyuma, na anajua kuikawiza ile "mara ya tatu" mpaka mtu aliyekwisha kukata tamaa ajikute anapandisha tena. Tuliona fundi mmoja mwenye busara zake akitaja bei ambayo dakika kumi kabla alikuwa ameapa kwamba hataifikia. Nyundo ilipoanguka alishangiliwa, naye akacheka. Lakini alipogeuka kuelekea meza ya karani, tuliona anahesabu kwa vidole.

Hapo ndipo penye jambo letu. Katika mnada mtu hushindana na watu, akasahau kwamba anayekwenda naye nyumbani ni mashine.

Tutoe mifano miwili ya siku ile ile. Fungu moja lilikuwa pikipiki iliyong'arishwa. Tangi limepakwa rangi nyekundu mpya, rimu zimesuguliwa, na kiti kimevikwa ngozi ya bandia. Vijana watano waliokuwa wamechanga akiba zao kwa muda wa mwaka na zaidi walikuwa wamekuja na lengo moja, kupata chombo cha kubeba abiria na kugawana mapato. Walipoiona hawakutazama nyingine. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri akawapandishia, nao wakajibu. Akapandisha tena, wakajibu tena. Wakaipata kwa bei iliyokuwa karibu mara nne ya ile ya kuanzia, na uani kukawa na vifijo.

Fungu jingine lilikuwa mojawapo ya zile AG100. Hakuna aliyeipigia makofi. Mzee mmoja fundi kutoka Buyenzi alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu asubuhi. Wajuao Bujumbura wanajua kwamba Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili wenye barabara zinazohesabiwa kwa namba, ni chuo cha ufundi kisicho na ubao wala cheti. Mzee yule aliushika usukani akautikisa, akalizungusha gurudumu la nyuma taratibu akisikiliza, akaukanyaga mguu wa kiki kwa mkono wake ili aone kama pistoni inapumua. Kijana aliyefuatana naye akamwuliza, "Mzee, hii si imekufa?" Mzee akamjibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, imelala. Iliyokufa haikazi namna hii."

Waliinunua kwa bei ndogo iliyozidi kidogo ile ya kuanzia. Walipokwisha kulipa wakaisukuma mpaka nje ya lango, wakaiweka kivulini. Mzee akafungua plagi, ambayo mafundi wetu huiita buji, akaisugua kwa msasa. Akaimwaga petroli iliyochacha. Akafungua kabureta na kupuliza kitundu chake kwa mdomo. Kijana akatoa chupa ya maji iliyokuwa na nusu lita ya petroli, kitu cha thamani katika mji ambao tangu mwaka 2021 umeonja tena na tena uhaba wa mafuta, nayo wakaichanganya na oili. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili na ya tatu, kimya. Ya nne ikakohoa. Ya tano ikawaka, na moshi wa buluu ukapanda juu ya ukuta wa kiwanda. Watu waliokuwa wakiondoka wakasimama. Mtu mzima mmoja aliyesema kwamba aliwahi kuendesha pikipiki ya namna ile alipokuwa mtumishi wa afya alikuja akaweka kiganja juu ya tangi, akatikisa kichwa, asiseme neno. Hatujapata kuona furaha kama ile ikinunuliwa kwa fedha ndogo namna hiyo.

Na wale vijana watano? Wiki iliyofuata walikwenda kutafuta hati ya chombo chao, ile kadi ambayo kila dereva hapa kwetu anaijua kwa jina la karte rozi. Wakaambiwa kwamba namba iliyogongwa kwenye fremu haifanani na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mnada. Labda karani alikosea tarakimu. Labda pikipiki mbili ziliunganishwa zikawa moja kabla haijafika uani. Vyovyote iwavyo, chombo kisicho na hati hakiwezi kubeba abiria, wala hakiwezi kuuzwa kwa haki. Hadi tunapoandika haya, pikipiki nyekundu imesimama chini ya paa la bati, na akiba ya watu watano imesimama pamoja nayo. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunasimulia haya si kwa nia ya kumshtaki karani yeyote, wala si kwa kuwacheka vijana. Waliofanya kosa lao walilifanya hadharani, na wengi wetu tungalifanya vilevile. Tunataka kuuliza swali moja tu: ni kitu gani hasa kinachoipa mashine kuukuu thamani yake?

Tuanze na nchi za mbali, ambako minada ya pikipiki za kale ni shughuli kubwa. Mwezi Januari 2018, mjini Las Vegas nchini Marekani, pikipiki moja ya Kiingereza aina ya Vincent Black Lightning iliyoundwa mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000. Miaka mitano baadaye, Januari 2023, katika mji huo huo, Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa kwa dola 935,000. Msomaji anaweza kudhani kwamba wanunuzi hao walilewa fedha. Huenda. Lakini ile Vincent haikununuliwa kwa ajili ya rangi yake. Ilinunuliwa kwa sababu historia yake ilijulikana, na ilikuwa imeandikwa kwamba mwaka 1953 ndiyo iliyovunja rekodi ya mwendo kasi nchini Australia.

Mfano mwingine unatufaa zaidi. Mwezi Aprili 2016, huko Stafford, Uingereza, zilinadiwa pikipiki nane aina ya Brough Superior zilizokuwa zimesahauliwa ghalani kwa zaidi ya miaka 50. Zilikuwa na kutu, nyingine zimevunjwavunjwa vipande, nyingine zimefunikwa na taka. Hakuna aliyezisugua wala kuzipaka rangi kabla ya mnada. Mojawapo, yenye silinda nne, ilichukuliwa kwa pauni 331,900. Wenye maarifa ya biashara hiyo jambo la kwanza wanalolitazama ni namba ya injini na namba ya fremu, wakazilinganisha na daftari la kiwanda. Kutu huondoka. Namba ya uongo haiondoki.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya au Marekani kujifunza jambo hili, kwa sababu ziwa letu lenyewe lina somo. Meli iitwayo Liemba, ambayo wazee wa bandari ya Bujumbura wanaijua vizuri, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Vita ilipowaelemea, mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, kwa kutumaini kwamba siku moja itahitajika. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Ikabeba abiria na mizigo ya nchi zetu kwa miongo mingi. Chombo kilicholala majini kwa miaka minane kilifufuka kwa sababu fundi mmoja alikumbuka grisi. Pikipiki iliyolala uani kwa miaka mitatu mvua ikiinyeshea ina haki ya kuuliza: grisi yangu iko wapi?

Kwa maoni yetu, basi, thamani ya chombo cha kale inatoka katika mambo mawili, maarifa ya fundi na ukweli wa karatasi. Kelele za mnada hazimo. Zinaweza kuongeza bei. Haziwezi kuongeza thamani hata chembe moja. Na bei inapoipita thamani, ile tofauti analipa mnyonge.

Wako watakaotujibu kwamba mnada ni mnada: chombo huuzwa kama kilivyo, bila dhamana, na mnunuzi ana macho yake. Tunakubali sehemu ya hoja hiyo. Hakuna mwenye akili anayetaka pikipiki ya mwaka 1985 iuzwe kwa ahadi za dukani. Lakini mtu haambiwi atumie macho yake huku amewekewa kamba asisogee. Siku tuliyohudhuria sisi, muda wa kukagua ulikuwa nusu saa kwa watu mamia, na kuwasha injini kulikatazwa. Kuuza kitu kama kilivyo kunamlazimu muuzaji aonyeshe kilivyo. Vinginevyo huko si kunadi. Ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Wako pia watakaosema kwamba serikali inahitaji mapato, na kadiri watu wanavyochemka ndivyo hazina inavyofaidika. Hoja hii inasikika nzuri kwa siku moja tu. Mnunuzi aliyeumia harudi, tena huwaonya wenzake. Mwaka ujao mahali pake patachukuliwa na walanguzi watatu wanaojuana, ambao watakubaliana kabla lango halijafunguliwa nani achukue fungu gani, na bei haitapanda tena. Uani ambako watu wengi wananunua kwa imani, ushindani unakuwa wa kweli, na hazina inapata haki yake kila mwaka.

Kwa hiyo tunazo rai kwa wote wanaoendesha minada ya namna hii, iwe ni idara, mradi au kampuni. Orodha ya mafungu, yenye namba ya fremu na namba ya injini ya kila chombo, ibandikwe langoni siku kadhaa kabla ya mnada, nayo isomwe kutoka kwenye chuma chenyewe, si kutoka kwenye faili la zamani. Siku nzima itengwe kwa ukaguzi, na fundi aruhusiwe kufungua plagi na kupiga kiki mbele ya msimamizi. Chombo ambacho hati zake hazikupatikana kitangazwe wazi kuwa kinauzwa kwa ajili ya vipuri tu, ili asitokee mtu wa kukinunua kwa ndoto ya kubeba abiria. Mambo haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji chaki, gundi na uaminifu.

Na kwa vijana wetu tuna neno la kindugu. Kazi ya pikipiki si nyepesi. Tangu mwezi Machi 2022, serikali ilipotangaza kwamba pikipiki, baiskeli na bajaji za kubeba abiria zisiingie tena katikati ya mji wa Bujumbura, kila mwenye chombo amelazimika kupiga upya hesabu ya safari zake. Mafuta yakipatikana yanapatikana kwa foleni. Katika hali hiyo, faranga moja inayotupwa mnadani ni faranga inayokosekana siku ya kubadilisha tairi. Basi, kabla ya kwenda mnadani, kaeni chini mkubaliane bei ya mwisho, muiandike katika karatasi, na karatasi hiyo ashike yule mwenye moyo mgumu kuliko wote. Mfuateni fundi mzee, mumpe chochote kwa ajili ya asubuhi yake. Kuuliza si ujinga. Ujira wa sikio lake ni mdogo kuliko gharama ya rangi nyekundu.

Tena kuna neno moja la mwisho, ambalo huenda wengine wataliona la anasa. Ubelgiji, iliyotutawala hadi mwaka 1962, ilikuwa nchi ya pikipiki mashuhuri. Kiwanda cha FN huko Herstal kilianza kuziunda mwaka 1901, na mwaka 1905 kilitoa ya silinda nne. Katika ua ule tulitafuta japo tangi moja la FN, hatukuliona. Vyuma vya kale kwetu huishia tanuruni, na aluminiamu ya injini ikageuka sufuria. Sufuria ni kitu chema, nayo inapika. Lakini tunayo Makumbusho ya Taifa huko Gitega tangu mwaka 1955, na hapa Bujumbura tunayo Musée Vivant tangu mwaka 1977. Je, ni vibaya kama mojawapo ya AG100 zitakazonadiwa mwaka ujao itaondolewa katika safu, isafishwe na wanafunzi wa ufundi, na kuwekwa pale penye kivuli, pamoja na maelezo mafupi ya milima iliyoipanda? Watoto wetu wangejua kwamba chanjo yao ilikuja na nini.

Tulipokuwa tunatoka Mtaa wa Viwanda jioni ile, tulimpita yule mzee wa Buyenzi akiwa amepakiwa nyuma ya mashine yake mpya ya zamani. Kijana alikuwa akiendesha polepole sana, na mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, bado anaisikiliza injini. Kelele za mnada zilikuwa zimekwisha, na sasa ndipo alipokuwa anajua amenunua nini.